Jinsi ninavyojaribu raba nyepesi za kukimbilia

Nenda dukani jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na ubebe soksi zako za kukimbilia. Vaa raba zote mbili, funga kamba, kisha simama. Mbele ya kidole kirefu paenee upana wa kidole gumba. Nilipuuza hili mwaka jana, nikapoteza kucha mbili.

Mimi nakimbilia Enda Iten, raba za Kenya zilizopewa jina la mji wa wakimbiaji ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari.

Wanaposema kiatu ni rafiki wa mazingira, uliza: ni kipi hasa kimetokana na plastiki iliyorejelezwa, kitambaa, kamba au soli? Muuzaji mzuri atakuonyesha.

Wiki ya kwanza usizidishe kilomita 3 kwa siku. Raba nyingi nyepesi zina kisigino kifupi, kwa hiyo mashavu ya miguu ndiyo hulalamika kwanza. Mimi nilianzia njia za udongo za msitu wa Karura, lami ilisubiri.

Zikichafuka, zioshe kwa mkono, uzianike kivulini. Jua kali hulegeza gundi.