Seva ya Samba Inapokataa Kufungua Folda

Samba ni programu inayowezesha kompyuta ya Linux kushiriki folda na kompyuta nyingine kwenye mtandao, na mipangilio yake huandikwa katika faili la smb.conf. Kabla ya kubadili chochote katika faili hilo, tengeneza nakala yake, kisha endesha amri ya testparm, ambayo husoma faili hilo na kuonyesha mistari yenye makosa. Ikiwa hakuna kosa na kompyuta nyingine bado haiifikii seva, hakikisha kwamba ulinzi wa mtandao (firewall) haujafunga poti 445, ambayo Samba huitumia kuwasiliana.

Seva ikifikiwa lakini ikakataa nenosiri, kumbuka kwamba Samba hutunza manenosiri yake kando na yale ya Linux, hivyo mtumiaji huongezwa kwa amri ya smbpasswd -a. Linalowasumbua zaidi wanaoanza, kwa maoni yangu, ni kuandika “writable = yes” (ruhusa ya kuandika) katika smb.conf na kusahau kwamba ruhusa za folda yenyewe kwenye diski bado zinaweza kuzuia uandishi; zikague kwa amri ya ls -ld.