Milango ya kabati kwenye nyumba ya mawe: nyoosha fremu, ukuta uache ulivyo

Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi, na hazina pembe iliyonyooka. Fundi akipewa kazi ya kabati humo hushawishika kubandua lipu na kupiga saruji ili ukuta ukae sawa. Tafadhali usifanye hivyo. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi hukusanyika nyuma yake, na mwisho hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kinachotakiwa kunyooka ni fremu, maana mlango hufuata fremu.

1. Vipimo. Pima upana juu, katikati na chini, halafu kimo kushoto, katikati na kulia. Teremsha timazi kila upande, kwa kuwa upana unaweza kulingana juu na chini na kuta zote mbili zikawa zimelala. Chukua upana mdogo kuliko wote, ukihesabu pia ule ulio kati ya timazi mbili, na kimo kidogo kuliko vyote, kisha toa sentimita 3 kwa kila kimoja. Hiyo ndiyo fremu yako.

2. Kitako, yaani msingi unaobeba kabati. Tafuta sehemu ya sakafu iliyo juu zaidi, anzia hapo, kwingine jazia kabari mpaka pima maji itulie.

3. Fremu. Hapa usiwe na haraka. Tumia mbao iliyokauka na kupakwa dawa ya mchwa. Iunge ikiwa imelala sakafuni na upime mishazari yote miwili: lazima ilingane. Ukiisimamisha, weka kabari mbilimbili kila mahali patakapopita skrubu, moja ikitokea mbele na nyingine nyuma, ili skrubu isivute fremu kuelekea ukutani. Toboa kwa drili bila kuwasha sehemu yake ya kugonga kama nyundo. Keekee ikizama kama kwenye unga, umeangukia chokaa. Sogea mpaka upate jiwe.

Kabla ya kukaza, vuta kamba mbili kutoka kona hadi kona. Zinapokutana katikati zigusane bila kusukumana. Zikiachana au zikikandamizana, fremu imejipinda, na kona moja ya mlango itabaki nje hata ubadilishe bawaba zote.

4. Milango. Pima kutoka kwenye fremu. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande na katikati ya milango. Bawaba za kikombe, zile zinazozama kwenye tundu la duara nyuma ya mlango, huhitaji tundu la milimita 35. Skrubu zake husogeza mlango milimita chache tu, basi usizitegemee kuficha fremu mbovu. Mlango mrefu upewe bawaba tatu au zaidi.

5. Ubao wa kujazia. Huu huziba mwanya kati ya fremu na ukuta. Simamisha ubao wima kwa timazi, uguse ukuta pale ulipotokeza. Chukua kipande cha mti chenye unene sawa na mwanya mkubwa kuliko yote, shikiza penseli, kisha kipitishe ukutani toka juu hadi chini. Mstari utachora kila bonde na kila kilima. Kata kwa msumeno mwembamba, malizia kwa tupa, na ukingo wa nyuma uchonge mshazari ili wa mbele ubane vizuri.

Maswali na majibu

*Fundi, kabati langu linapita mbele ya kidaka, kile kishubaka kilichochongwa ukutani. Nikizibe?*
Hapana, dada. Usiweke ubao wa mgongo sehemu hiyo, kidaka kiwe rafu ya ndani. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wenyewe omba ruhusa.

*Kaka, mbao ya mninga imenishinda bei. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, inafaa?*
Kwa milango, ndiyo, ukipaka rangi pande zote pamoja na kingo. Fremu na kitako viwe vya mbao, kwani MDF ikinywa maji huvimba na hairudi.

*Milango yangu ya mbao ilifunga vizuri kiangazi, masika imeanza kugusana.*
Usishike randa bado, ndugu yangu. Kaza bawaba kwanza, kisha fungua mlango utazame mgongo wake. Kama haukupakwa rangi, unyevu unaingilia huko. Subiri ukauke, upake, na ikiwa masika ijayo bado inagusana, randa kidogo ukingo wa katikati na uupake rangi upya.