Hatua ya bondia kwenye kamba ya kuruka: fundisha miguu kwanza

Ukiona kamba inakukamata kila baada ya mizunguko minne mitano, iweke chini. Miguu haijajua zamu yake.

Kwanza urefu. Kanyaga kamba katikati kwa mguu mmoja, vuta vishikio juu: kwa anayeanza, vifike kwapani. Chagua ya plastiki au ya shanga. Ya nguo ni nyepesi mno, inapoteza upinde hewani.

1. Bila kamba. Uzito wote mguu wa kulia, wa kushoto uguse sakafu kwa ncha za vidole tu. Dunda mara mbili kulia, mara mbili kushoto, dakika 2 mfululizo: hiyo ndiyo hatua ya bondia. Visigino visitue. Jitazame kwenye kioo: kichwa kikipanda na kushuka sana, unaruka juu kupita kiasi. Sentimita 2 au 3 zinatosha kamba kupita.

2. Kamba ubavuni. Shika vishikio vyote kwa mkono mmoja, zungusha pembeni. Kila inapopiga sakafu, ta!, nawe uwe unadunda. Badili mkono. Usiharakishe hapa, sikio ndilo linaloshika mapigo.

3. Unganisha. Miguu pamoja mizunguko 8, hatua ya bondia mizunguko 8, urudie.

Sasa mikono, maana wengi hulaumu miguu bure. Viwiko vikae karibu na mbavu, anayezungusha ni kifundo cha mkono, si bega. Ukichoka mikono hutanuka yenyewe, na ikitanuka kamba inakuwa fupi. Sentimita 10 kila upande zinatosha kuiinua ikupige vidole.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, najikuta nadunda mara mbili kwa kila mzunguko. Naachaje?*
Kamba yako inakwenda polepole, mwili unajaza nafasi kwa mdundo wa ziada. Ongeza kasi ya kamba, miguu itafuata.

*Naumwa mbele ya ugoko tangu nianze wiki iliyopita. Naruka uani kwenye saruji.*
Pole sana. Saruji ngumu, visigino kutua na kuanza na dakika nyingi, yote huleta maumivu hayo. Pumzika mpaka yaishe, kisha rudi kwenye mbao au mkeka wa mpira, ukiwa na viatu: sekunde 30 za kuruka, 30 za kupumzika, mara 6. Yakibaki sehemu moja inayouma ukiibonyeza, usiruke tena kabla ya kumwona daktari.

*Kamba inavutia kushoto kila mara, ninakosea wapi?*
Mkono mmoja uko juu au mbele kuliko mwenzake. Visawazishe vishikio usawa wa nyonga.

*Naweza kuanza mkasi sasa?*
Ukimaliza raundi ya dakika 3 ya bondia bila kukamatwa, anza. Mkasi nao uanze bila kamba: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, badili kwa kila mdundo, nafasi isizidi urefu wa wayo wako.