Mpelelezi Asiye na Pingu: Jinsi ya Kutengeneza Tamthilia ya Upelelezi Yenye Ucheshi Mwanza

Wajerumani wana tamthilia inaitwa Wilsberg, inayorushwa na kituo cha televisheni cha ZDF tangu 1995. Georg Wilsberg ni mpelelezi wa kujitegemea wa mji wa Münster. Aliwahi kuwa wakili, sasa anauza vitabu vya zamani. Pesa hana, gari hana, anaazima la rafiki yake Ekki anayefanya kazi ofisi ya kodi. Humo watu wanauawa kweli, na bado mtazamaji anacheka.

Inawezekana kwa sababu kesi yenyewe haichekeshi. Kinachochekesha ni unyonge wa mpelelezi: hana pingu, hana hati ya upekuzi, hata nauli ni ya shida, kwa hiyo kila mlango lazima aufungue kwa maneno. Ukimpa karate na gari la kifahari, umeua tamthilia.

Anza na kazi yake ya kila siku. Kwa Mwanza, steshenari ndogo mitaa ya Makoroboi inafaa kuliko duka jingine lolote. Watu wanakuja kutoa kopi ya hati za viwanja, mikataba na vyeti vya vifo, au kupiga picha za pasipoti, na kila karatasi inapita mikononi mwake. Kisha mpe rafiki mwenye pikipiki na ajira ya maana, tuseme karani wa mizani mwaloni, wanakoshushia samaki, ambaye kila akisaidia anahatarisha kibarua chake. Mweke inspekta mwanamke aliyemchoka mpelelezi wetu, na msaidizi wa inspekta anayejiona shujaa. Ongeza mlalamikaji na washukiwa watatu. Wakizidi hapo, kipindi cha dakika 24 hakiwabebi.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, hivyo andika kurasa 24, sini (yaani maonyesho) 14 hadi 16. Kesi ifike mezani kabla ya ukurasa wa 3. Karibu na ukurasa wa 12 mpelelezi amtuhumu mtu asiyehusika, tena mbele za watu. Ukweli utoke ukurasa wa 20.

Dalili ndiyo roho ya kazi, na dalili nzuri hutoka kwenye maisha ya hapo hapo. Chukua wizi wa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki sangara, mali ndogo kwa umbo na kubwa kwa bei. Mshukiwa ni nahodha wa mtumbwi wa dagaa:

MPELELEZI: Kaka, usiku ule ulikuwa wapi?
NAHODHA: Ziwani, navua dagaa. Nimerudi alfajiri.
MPELELEZI: Mlipata?
NAHODHA: Ndoo arobaini.
MPELELEZI: Na mbalamwezi yote ile, dagaa wakaifuata taa yako?

Wavuvi wa dagaa hutegemea giza. Taa ndiyo inayowavuta dagaa, na mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, mitumbwi mingi inapumzika. Mtu wa Kirumba, pale Mwanza kando ya ziwa, atalijua hilo mara moja. Wa Dodoma hatalijua, kwa hiyo mtajie mapema, kwa mfano mama muuza dagaa alalamike kwenye ukurasa wa 5 kwamba mzigo hakuna, ni mbalamwezi. Ukutani steshenari tundika kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ionekane tangu sini ya kwanza: tarehe 14 au 15 ndiyo mwezi mpevu. Mpelelezi asiwe na taarifa yoyote ambayo mtazamaji hakuiona.

Waigizaji wacheze kwa dhati. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumleta mchekeshaji akaanza kukunja uso na kupayuka. Rafiki aseme, "Mafuta yanafika Pasiansi tu," kama mtu mwenye wasiwasi na mafuta kweli.

Kabla ya kupiga picha, omba kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na zungumza na uongozi wa soko kama unaingia mwaloni. Sare za polisi usizivae bila ruhusa yao. Inspekta na msaidizi wake wawe askari kanzu, itakupunguzia safari nyingi za ofisini.

Sini za ufukweni zenye maneno zimalize kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo upepo wa ziwa unaanza kuvuma kuja nchi kavu na maiki inanguruma hata ikivishwa manyoya. Jua la saa sita hadi saa tisa linaweka vivuli vyeusi machoni, kwa hiyo muda huo ingia ndani, piga za steshenari. Taa za ndani zikionyesha mistari inayotembea kwenye picha, sababu ni umeme wetu wa hezi 50: weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Simu nyingi huja na fremu 30, hapo ndipo tatizo linapoanzia. Sauti iwe kilohezi 48, vilele vya sauti visivuke desibeli -12, na kila chumba rekodi sekunde 30 za ukimya wake, utazihitaji kuziba mapengo.

Usiku wa wizi lazima uonekane una mbalamwezi. Upige jioni, katika dakika kama 20 baada ya jua kuzama, ukipunguza mwanga wa kamera na kuegemeza rangi kwenye bluu. Mwezi mwandamo, ule mwembamba, ukijitokeza kwenye fremu hata mara moja, dalili yako imekufa, ifute picha hiyo.

Ukimaliza kuhariri, kusanya watu watano ambao hawajasoma skripti. Simamisha video mwisho wa ukurasa wa 19 uwaulize mwizi ni nani. Wote wakipatia, punguza maneno ya muuza dagaa. Wote wakikosa, rudi uisogeze kamera karibu na ile kalenda.