Somo: fremu ya tela la kempingi, chuma gani na unachomelea vipi

Wakuu, niliahidi somo hili muda, leo nimepata nafasi. Tela langu la kwanza lilikatika drobaa (ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari) kati ya geti la Loduare la Ngorongoro na geti la Naabi la Serengeti, ile barabara ya mawimbi mnaijua inavyogonganisha meno, na wala halikukatika kwenye mshono, lilikatika pembeni yake kama nusu senti hivi. Nikamulika tochi nikaona nusu ya ufa ina kutu, yaani ulianza kitambo mimi nachapa mwendo tu.

Hatua ya 1, chuma. Tela lisilozidi kilo 750 na mzigo wake, fremu natumia skwea paipu 50x50 ya mm 3, drobaa 100x50 ya mm 4. Sasa dukani utaambiwa "hii mm 3 bosi", ukipima unakuta 2 na ushee. Nenda na venia (kile kipimo cha unene), huna basi omba mzani: paipu ya mita 6 ya 50x50 ikiwa mm 3 kweli inacheza kwenye kilo 26, ukiona 18 hiyo ni mm 2, iache hapo hapo. Mimi nilishapigwa, nikashtuka nimeshakata.

Hatua ya 2, panga chini pako levo, shika kwa nukta nukta tu za kuchomelea, halafu pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mm 3 gonga kwa nyundo urekebishe. Ukianza kuchomelea rukaruka, kona hii kisha ile ya mbali, maana moto unavuta chuma na ukimaliza upande mmoja fremu inageuka kama samosa.

Hatua ya 3 ndo yenyewe. Drobaa isiishie kwenye paipu ya mbele, ipite chini yake ifike paipu ya pili. Na mshono uende kwa urefu, ubavuni mwa drobaa, usikatishe juu wala chini kwa mkingamo, hapo ndo panapokunjika zaidi na ndo pangu palipokatikia.

Ekseli iwe nyuma kidogo ya katikati, mpira wa kuvutia (ile gololi ya chuma nyuma ya gari) ubebe kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 500, kilo 50 mbele. Ikiwa nyepesi mbele mkia utacheza ukikimbia. Mwisho paka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, na toboa vitundu chini maji yatoke.

MASWALI

Mdau: Mkuu, paipu za mabati zile zinazong'aa vipi? Hazishiki kutu.
Jibu: Zinafaa ila saga ile zinki yote karibu na mshono, fanyia nje. Moshi wake mweupe unakupa homa usiku, na hayo maziwa mafundi wanayokunywa hayaondoi kitu kaka.

Mdau: Nina mashine ndogo ya kuchomelea, inveta ya amp 160, rodi ipi?
Jibu: 6013 ya mm 2.5, anza amp 80 hivi. Kwenye drobaa mimi napiga 7018, ila iwe kavu, paketi iliyokaa wazi wiki nzima usiiguse.

Mdau: Dada hapa, nimeshachomelea kwa mkingamo, nikate?
Jibu: Usikate dada. Saga mshono uwe laini, kisha weka pleti ubavuni kila upande, ncha zake zichongoke, ichomelee kwa urefu. Halafu kila safari pita na brashi ya waya na tochi.