Kusoma DHCP, DNS na NTP kwa ajili ya Network+ bila kukesha na madesa

Mara ya kwanza nimekaa Network+, mtihani wa mitandao wa CompTIA, nilitoka na 698, wao wanataka 720. Na sio kwamba sikusoma, nilipiga msuli kweli, porti zote kichwani, madesa nimebandika mpaka mlango wa choo, ila nafika pale naulizwa habari za ofisi ambayo watu wa chumba kimoja wanapata mtandao wengine hawapati, kianze kuangaliwa nini? Nikabaki natoa macho. Kirefu cha DHCP, huduma inayogawia kompyuta anwani za IP, nilikuwa nakijua vizuri, kumbe nilikuwa sijui DHCP ikiugua inakuwaje. (Mfano huo ni wangu, maswali yenyewe unasaini kabla ya kuanza kwamba hutayatoa nje, na ukimwona mtu anauza maswali halisi mkimbie.)

Kwa hiyo mimi nakwambia soma kwa dalili. Toleo la N10-009 lililotoka Juni 2024 lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na hizi huduma tatu, DHCP, DNS na NTP, zimekaa kwenye sehemu ya Network Operations yenye 19% ya mtihani, lakini zinakurudia tena kwenye Network Troubleshooting yenye 24%, ambayo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Ukizijua kwa dalili umeua ndege wawili.

Tafuta laptopu ya Windows, ruta ya Wi-Fi ambayo paswedi yake ya admini unayo, simu mbili, na Wireshark, programu ya kuonyesha paketi zinazopita kwenye mtandao, ambayo ni ya bure. Basi. Kabla hujagusa chochote piga picha mipangilio ya ruta kwa simu, utanishukuru baadaye.

Anza na DHCP, na hapa usiwe na haraka maana ndipo penye nyama. Fungua Wireshark, chagua Wi-Fi yako, kwenye sehemu ya kuchuja andika dhcp, halafu kwenye komandi andika ipconfig /release, subiri kidogo, ipconfig /renew. Utaona paketi za Discover, Offer, Request na ACK zinashuka mbele ya macho yako, ndiyo hiyo DORA wanayoimba, jina kama la binti wa jirani. Bonyeza ile Discover uangalie inatoka wapi kwenda wapi: inatoka 0.0.0.0 inakwenda 255.255.255.255. Yaani ni kama mgeni kashuka stendi ya Magufuli usiku hana mwenyeji, anapaza sauti jamani mwenye chumba! Mwenye gesti mmoja anajibu ninacho hiki, hiyo ni Offer. Mgeni anasema haya nachukua cha huyu, na analisema hilo nalo kwa sauti ili wenye gesti wengine wasikie kwamba ameshachagua waache kumshikia chumba, ndiyo maana Request ya mwanzo nayo ni brodikasti, ujumbe kwa wote. Hilo nilikuwa nalikariri mwaka mzima bila kulielewa mpaka nilipoliona.

Sasa fungua ile Offer, shuka chini kwenye Option. Namba 3 ni getwei (ruta ya kutokea nje), 6 ni DNS, 51 ni muda wa kukaa na anwani. Muda ukifika nusu laptopu inamfuata seva yuleyule kimyakimya kuomba kuongezewa, ikifika 87.5% hajajibiwa inaanza kupaza sauti tena kwa yeyote.

Ukishaona ikiwa nzima, iharibu. Ingia kwenye ruta, skopu ya DHCP, yaani anwani inazogawa, ipunguze ibaki na anwani mbili tu, mfano .100 mpaka .101, zima ruta uiwashe, unganisha simu mbili kwanza halafu laptopu ije ya mwisho. Subiri kama dakika hivi, andika ipconfig. Utakutana na 169.254 kitu fulani. Hiyo ni APIPA, laptopu imekosa mwenyeji ikajipa anwani yenyewe. Ukiiona kwenye mtihani ujue moja kwa moja kuna mtu kaomba DHCP hakujibiwa, kazi inabaki ni kujua kwa nini. Kama waliotangulia wanapata na waliochelewa hawapati, skopu imejaa. Kama ni VLAN nzima (kipande cha mtandao kilichotengwa kwenye swichi) haipati na seva iko mtandao mwingine, hakuna relay ya kuwapelekea ombi, maana brodikasti haivuki ruta, na ip helper-address, komandi ya Cisco ya kuwasha relay, inawekwa kwenye intafesi inayoangalia wateja, sio ile inayoangalia seva, hapo wengi tunaanguka. Na kama watu wanapata anwani lakini ni ya ajabu, ofisi inatumia 10 kitu wao wana 192.168, kuna seva ya DHCP ya kihuni humo ndani. Hii ya mwisho imenikuta kazini, mtu kaja na ruta yake ya nyumbani kaichomeka kwenye swichi kwa porti ya LAN ili apate Wi-Fi ya mezani kwake, nusu ya ofisi ikaanza kupewa anwani na kile kiruta. Nilizunguka mpaka saa tisa nafuata waya.

Relay huwezi kuijaribu na ruta ya nyumbani, fanyia kwenye Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni bure ukifungua akaunti ya Cisco Networking Academy. Halafu usichanganye reservation na exclusion: ya kwanza ni printa kushikiwa anwani ileile kila siku kwa MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao), ya pili ni anwani ambazo seva imekatazwa kugawa kabisa.

DNS sasa, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye laptopu weka DNS kwa mkono, 192.0.2.1, hiyo ni anwani ya mifano tu, hakuna mtu huko. Ondoa kumbukumbu za zamani kwa ipconfig /flushdns. Ukipiga ping 8.8.8.8 inajibu, ukipiga ping google.com inakwambia haimpati huyo mtu. Namba inakwenda, jina haliendi, hiyo ni DNS, usianze kuhangaika na kebo. Ukiona brauza bado inafungua tovuti usishangae, huenda inatumia DoH (DNS ndani ya HTTPS) inayopita porti 443 kama HTTPS ya kawaida, wakati DoT (DNS ndani ya TLS) iko 853 na DNS ya kawaida 53.

Rudisha DNS yako kisha cheza na nslookup. Andika nslookup -type=mx gmail.com, utaona seva za barua zina namba 5, 10, 20 na kuendelea, ndogo ndiyo inayojaribiwa kwanza. Juu yake kuna Non-authoritative answer, maana aliyekujibu sio seva inayomiliki rekodi za domeini hiyo, kakupa alichokuwa nacho kwenye kache. Andika nslookup 8.8.8.8, itarudisha dns.google, hiyo ni PTR, kutoka namba kwenda jina. A ni IPv4, AAAA ni IPv6, CNAME ni jina la utani la jina lingine, TXT ndimo SPF inamokaa, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini hiyo. Fanya na domeini tatu nne unazozijua, za benki yako au chuo chako, zitakaa kichwani bila kukariri.

NTP, inayosawazisha saa za kompyuta, haina mambo mengi ila inadharauliwa sana. Zima kusawazisha saa, peleka laptopu miaka miwili mbele, fungua tovuti yoyote ya HTTPS. Brauza italalamika cheti kimeisha muda. Kwenye ofisi zenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa akaunti za watumiaji, saa ikipishana zaidi ya dakika 5 Kerberos, inayothibitisha watumiaji hao, inakataa watu kuingia, na hiyo ni mipangilio ya kawaida tu. Porti ni UDP 123. Stratum 1 ni seva iliyounganishwa na saa yenyewe, kama ya GPS, kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyokuwa mbali, na 16 maana yake haijasawazishwa. PTP ni ya wanaotaka usahihi mkali zaidi, NTS ni NTP yenye ulinzi, inatosha kuzitofautisha.

SLAAC, njia ya IPv6 ya kupata anwani bila DHCP, jua tu kwamba ruta inatangaza prefiksi na kompyuta inajitengenezea iliyobaki, hakuna seva anayeandika nani kapewa nini.

Porti za DHCP, 67 na 68, mimi zilikuwa zinanichanganya mpaka nikajiambia mteja ni mfalme, kwa hiyo namba kubwa ni yake, 68, seva abaki na 67. Na siku ya mtihani yale maswali ya vitendo yakija mwanzoni usigande nayo, yaruke uyarudie mwisho.

Ukimaliza rudisha skopu ya ruta kama ilivyo kwenye ile picha. Mimi nilisahau nikaenda kulala, asubuhi mama mwenye nyumba ananigongea anauliza kwa nini WhatsApp yake haifunguki na bili ya intaneti amelipa.