Damu ya kisigino cha mtoto mchanga: namna ya kupata kadi ambayo maabara haitairudisha

Mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, huzaliwa akilia vizuri, hunyonya, na uzito wake hauna neno. Kimeng'enya cha kuvunja fenilalanini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ndicho hakifanyi kazi. Protini ya maziwa ikianza kuingia, fenilalanini hupanda siku baada ya siku na kuumiza ubongo, na dalili zikionekana kwa macho madhara huwa yameshatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alionyesha kuwa matone machache ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi yanatosha kuukamata ugonjwa huu mapema. Mashine za leo husoma magonjwa mengi kutoka kadi moja ya karatasi hiyo, lakini damu ni ileile na karatasi ni ileile, na kadi inayokataliwa mara nyingi imeharibikia wodini.

Wauguzi wengi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wanaifahamu kadi ya damu kavu kutokana na kipimo cha VVU cha watoto wa wiki 6. Mkono huo wenye uzoefu ni hazina. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kipimo cha VVU hutafuta DNA, na DNA huvumilia joto. Kipimo cha galaktosemia (mwili kushindwa kuvunja sukari ya maziwa) au cha bayotinidesi (kimeng'enya kinachousaidia mwili kutumia vitamini ya bayotini) hupima kazi ya kimeng'enya, na kimeng'enya hufa kwa joto na unyevu. Kimeng'enya kilichokufa njiani huonekana maabara kama ugonjwa ambao mtoto hana. Hewa ya kando ya ziwa ina vyote viwili, kwa hiyo sehemu ya kukausha hapa chini isisomwe harakaharaka.

Kwa kuwa Kenya bado haina mpango wa taifa unaomfikia kila mtoto, iulize kwanza maabara mliyokubaliana nayo: inapima magonjwa gani, inataka duara ngapi za kadi zijazwe damu, na majibu ya dharura itampigia nani simu.

Vifaa

Kadi ya karatasi chujio iliyoidhinishwa kwa kazi hii (Whatman 903 ndiyo inayojulikana zaidi) ambayo haijapita tarehe yake, lanseti ya kisigino ya kutumika mara moja, spiriti ya asilimia 70, shashi safi, glavu zisizo na unga, kitambaa cha kupasha joto, kibao cha kukaushia, bahasha ya karatasi, mfuko wa plastiki unaofungika, vipakiti vya silika, na kadi ndogo ya kuonyesha unyevu.

Kwa mtoto aliyezaliwa miezi ya ujauzito ikiwa imetimia, lanseti inayokata kina cha milimita 1 inatosha. Isizidi milimita 2 kwa vyovyote, na kwa mtoto njiti tumia ya milimita 0.85. Usitumie sindano ya kawaida wala lanseti ya watu wazima ya kupima sukari. Ukichoma kwa kina unaweza kufika kwenye mfupa, na mfupa wa kisigino ukiambukizwa hauponi upesi.

Hatua ya 1: Saa ya kuchukua

Lenga kati ya saa 24 na 48 tangu kuzaliwa. Kabla ya hapo matatizo ni mawili. TSH, homoni inayoiamsha tezi ya thairoidi, hupanda sana kwa kila mtoto katika saa za mwanzo, hivyo mzima huonekana ana upungufu wa homoni ya thairoidi. Na mtoto ambaye hajanyonya vya kutosha hajakusanya fenilalanini, hivyo mgonjwa huonekana mzima. Kosa la pili ndilo la hatari zaidi.

Lakini mama anayeruhusiwa baada ya saa 12 na anayerudi Nyakach au Muhoroni huenda usimwone tena karibuni. Chukua damu kabla hajaondoka, andika saa halisi, na umpe tarehe ya kurudia ndani ya wiki 2 za kwanza.

Mtoto anayehitaji kuongezewa damu achukuliwe kadi kabla ya chupa kuning'inizwa, hata kama ana saa 3 tu. Baada ya hapo utakuwa unapima himoglobini na vimeng'enya vya aliyetoa damu, na selimundu itafichika. Damu ya kitovu nayo haifai kwa magonjwa ya umetaboli, yaani ya mwili kushindwa kuchakata chakula: mwili wa mama ulikuwa bado unamfanyia mtoto kazi hiyo.

Hatua ya 2: Mama, kisha maandishi

Mweleze mama akiwa ameketi, na kama bibi wa mtoto yuko, naye asikie, kwa sababu nyumbani ndiye atakayeulizwa. Maneno machache yanatosha: "Mama, mtoto wako hatumwoni na ugonjwa wowote. Kuna magonjwa ya kurithi ambayo macho hayawezi kuyaona siku hizi za mwanzo, na mengine yana tiba yakijulikana mapema. Tutachukua matone machache ya damu kisiginoni." Akitaka muda wa kumpigia mume wake simu, mpe.

Jaza kadi kwa kalamu ya wino kabla ya kumgusa mtoto: jina la mama kamili, tarehe na saa ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchukua damu, uzito, wiki za ujauzito, anavyolishwa, kama ameongezewa damu au anapewa lishe kwa mshipa. "Mtoto wa Achieng" haitoshi. Andika namba mbili za simu, kijiji, na mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo. Nakili namba ya kadi kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Usiguse duara, hata ukiwa na glavu.

Hatua ya 3: Kisigino

Funika kisigino kwa kitambaa chenye joto lisilozidi nyuzi 42 kwa dakika 3 hadi 5. Usiiruke hatua hii: kisigino baridi hakitoi damu, muuguzi huanza kukikamua, na hapo kadi imeshaharibika. Mama amnyonyeshe mtoto akiwa amemwinua kidogo, mguu uning'inie chini ya usawa wa moyo. Kunyonya hupunguza maumivu kweli.

Safisha kwa spiriti na uiache ikauke yenyewe. Usitumie dawa ya iodini. Huvuruga kipimo cha thairoidi. Choma pembeni mwa nyayo ya kisigino, upande wa ndani au wa nje. Katikati na nyuma ya kisigino ni mwiko, kwa sababu mfupa, neva na kano ziko karibu.

Hatua ya 4: Matone

Tone la kwanza lifute kwa shashi. Lina majimaji ya ngozi na labda spiriti. Ngoja tone kubwa lijijenge. Ligusishe karatasi, usiguse ngozi, na uiache karatasi inywe hadi damu itokee upande wa pili. Tone moja, duara moja, upande mmoja. Duara la kawaida huhitaji mikrolita 75 hivi.

Mashine hukata kipande cha takriban milimita 3 na kuchukulia kwamba kina kiasi maalumu cha damu. Ukiongeza tone juu ya tone, kipande kinabeba damu zaidi na majibu yanapanda bila sababu. Damu isiyopenya huyashusha. Pete za rangi hafifu pembeni zinaonyesha spiriti haikukauka au kisigino kilikamuliwa. Damu ikikatika, pasha joto tena au choma upande wa pili kwa lanseti mpya. Usirudi kujaza duara lililobaki nusu. Usichukue damu kutoka chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande.

Ukimaliza, inua mguu na bana kwa shashi mpaka damu ikome. Plasta usibandike.

Hatua ya 5: Kukausha

Laza kadi, duara zisiguse kitu, kwa saa 3 angalau, mahali penye nyuzi 18 hadi 25. Mchana wa Kisumu huzidi joto hilo, basi tafuta chumba chenye ubaridi kuliko vyote. Mara nyingi ni kile cha friji za chanjo. Msimu wa mvua ndefu ziache usiku kucha. Nakuru, penye baridi zaidi, hili ni jepesi. Jua, dirisha, hita na feni ya kupuliza moja kwa moja vyote ni marufuku. Damu iliyokauka ina rangi ya kahawia iliyokolea. Nyekundu inayong'aa bado mbichi. Usipange kadi mbichi moja juu ya nyingine.

Hatua ya 6: Safari

Ifunge kwenye bahasha, kisha kwenye mfuko pamoja na silika, itoke ndani ya saa 24. Plastiki bila silika hugeuka jiko la mvuke. Usiiache Ijumaa kwenye ofisi ya vifurushi ikingoja Jumatatu, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikibidi kungoja, weka mfuko uliofungwa kwenye friji, na ukiutoa, uache upoteze ubaridi kabla ya kufungua, la sivyo kadi italowa.

Hatua ya 7: Majibu

Jibu lenye shaka si ugonjwa uliothibitishwa. Ni amri ya kumtafuta mtoto leo. Kwa galaktosemia, maziwa ya mama yasimamishwe mara moja na apewe ya soya yasiyo na laktosi wakati uthibitisho unasubiriwa. Kwa upungufu wa MCAD, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, asipitishe saa 3 bila kulishwa, usiku na mchana. Kwa thairoidi, dawa ianze kabla ya wiki 2 kwisha. Kwa fenilketonuria, kunyonya hakukatazwi kabisa. Kiasi chake hupangwa pamoja na maziwa maalumu. Selimundu ikithibitishwa, penisilini V miligramu 125 mara 2 kwa siku ianze kufikia miezi 2, pamoja na kinga ya malaria. Mwenye himoglobini AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, si mgonjwa, na wazazi waambiwe hivyo waziwazi.

Mtoto aliyelegea, anayetapika, anayekataa kunyonya au anayedegedeka asingojee kadi. Pima sukari, mtibu, mpeleke rufaa. Kadi ikirudishwa kwa ubovu, jina la mtoto liingie kwenye daftari la ufuatiliaji siku hiyohiyo na mhudumu wa afya ya jamii apigiwe simu, kwa sababu mtoto huyo bado hajapimwa.